Tuache Kuwatupia Samaki Mkate

Majuzi nilimpeleka mpwa wangu, mwenye umri wa miaka tisa, katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi ili ayaone matumbawe ambayo amekuwa akiyasikia darasani. Tulipanda mashua yenye kioo sakafuni wakati maji yakikupwa. Nahodha alitupeleka taratibu hadi mwambani, akazima mashine, na kabla hatujainama kutazama chini akatoa boflo chini ya benchi na kumkabidhi mtoto kipande. Mtoto akatupa, na papo hapo maji yakachafuka kwa samaki wadogo wenye mistari myeusi. Kwa muda wa dakika kumi hivi hatukuona tumbawe hata moja. Tuliona migongo ya samaki wakigombea makombo.

Simlaumu nahodha yule peke yake, kwa kuwa wageni huufurahia mchezo huo na mgeni aliyefurahi huacha bakshishi. Hata hivyo, naona ni desturi ambayo sisi watu wa Malindi tungepaswa kuwa tumeikomesha zamani.

Mwamba hauishi kwa matumbawe peke yake. Samaki kama pono, kangaja na tafi hushinda wakila mwani, na wasipofanya kazi hiyo mwani hutanda na kuyanyima matumbawe machanga mahali pa kushika. Kikande naye huwala wale viumbe wa miiba ambao sote tumewahi kuwakanyaga tukiwa watoto, tukachechemea siku nzima. Mahali ambapo vikande wamevuliwa wakaisha, viumbe hao huongezeka mno na kuutafuna mwamba wenyewe hadi ukamomonyoka. Kila samaki ana kazi yake pale, na katika kazi hizo zote sijui hata moja inayohitaji unga wa ngano. Tunapowazoesha samaki kukimbilia kila mashua inayonguruma, wanaofaidika ni wale wepesi na wagomvi, na wengine husukumwa kando.

Jambo hili lingekuwa dogo kama mwamba wetu ungekuwa na afya tele. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikafa. Isitoshe, kila msimu wa mvua Mto Sabaki huleta udongo kutoka bara, bahari ikawa nyekundu mpaka wageni wakauliza kama kuna kitu kimemwagika. Joto la bahari hatuna uwezo nalo sisi wa hapa, na udongo wa Sabaki unahitaji wakulima wa mbali na serikali zaidi ya moja. Mkate, kwa upande wake, unanunuliwa dukani asubuhi na mtu tunayemfahamu kwa jina.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wenzetu wanaofanya kazi ya utalii wanalijua jambo hili vizuri wanapokuwa nchi kavu. Dereva anayewapeleka wageni Tsavo Mashariki kwa kupitia lango la Sala huwakataza kumtupia nyani hata ganda la ndizi, na akiona mtu amefungua dirisha humkemea. Kesho yake wageni walewale hushuka ufukweni na kuuziwa mkate wa kulishia wanyama wa hifadhi nyingine ya taifa. Je, samaki si mnyamapori kwa sababu tu tumezoea kumwona kwenye sahani?

Wapo pia wavuvi. Hifadhi hii ilitengwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Watamu, zikiwa za kwanza za bahari nchini Kenya, na tangu hapo mtu haruhusiwi kuvua ndani yake, awe na mshipi au dema. Wazee waliokuwa wakivua pale waliambiwa wapaache ili mwamba upumzike. Kumnyima mvuvi riziki yake kwa hoja hiyo, kisha kumruhusu mgeni ageuze mahali hapohapo uwanja wa kurushia makombo, ni dharau ambayo mimi nisingeweza kumweleza mzee yeyote akanielewa. Ningependa Shirika la Wanyamapori, KWS, liseme wazi langoni, tiketi inapokatwa, kwamba mkate haupandi mashuani.

Siku ile nilimwomba nahodha, kwa adabu, "Mjomba, tusogee kidogo, na mkate tuuache." Alinitazama kama mtu anayeharibu starehe ya mtoto, lakini alisogea. Tukakaa kimya. Baada ya muda akatokea pono mmoja wa rangi ya samawati, akaanza kukwangua mwamba chini ya kioo, na kila alipong'ata alitoa kiwingu kidogo cha mchanga mweupe. Mpwa wangu alilala kifudifudi na hakuinuka hadi tulipogeuza kurudi. Boflo lililobaki nahodha alilila mwenyewe ufukweni, kwa chai ya rangi.