Nimelinunulia Gari Macho, Likaanza Kulia

Kupiga rivasi sijui. Nalisema hili mwanzoni kabisa tusije tukazungushana. Kwenda mbele niko vizuri, Morogoro nimefika na nimerudi bila kugusa mtu, lakini niambie rudi nyuma hatua kumi, nakuwa mtu mwingine. Kulia kunahamia kushoto, na kushoto sikuoni tena. Leseni ninayo, halali kabisa. Siku ya mtihani mvua ilianza kunyesha, nikarudi nyuma mita tatu mtahini akasema inatosha, naye akakimbilia barazani.

Sasa kwa Dar es Salaam hii, kutojua rivasi si tatizo, walimu wapo. Weka tu gia kwenye R, ile taa nyeupe ya nyuma iwake, uone. Mmoja anachomoka nyuma ya kibanda cha chipsi, mwingine alikuwa amelala ndani ya bajaji, wa tatu hata hujui katokea wapi. "Njoo! Njoo bosi, njoo, njoo! Kata! Kata yote! Nyoosha!" Yule wa bajaji naye upande wa pili: "Usikate! Usimsikilize huyo, achia!" Mama wa maandazi anavuta beseni lake miguuni anasema, "Mpisheni huyo, hajui." Wewe shingo imepinda, jasho linakutoka, unakata, unanyoosha, mpaka usikie ngoo. Hapo ndipo yule wa kwanza anainua mkono: "Haya, simama hapo hapo." Anazunguka mpaka dirishani anatabasamu. "Bosi, ya soda."

Kwa mtindo huo bampa langu la nyuma lilikuwa na makovu matatu. La kwanza ni la geti, tena geti langu mwenyewe nililolilipia. La pili, pipa la maji la jirani. La tatu ni la mnazi, kwenye harusi kule Bagamoyo, na bwana harusi alitoka ukumbini kuja kuangalia.

Kazini kwetu yuko bwana mmoja mwenye ushauri wa kila kitu, presha, viwanja, ndoa. Akaliangalia bampa kwa huruma. "Baba Neema, unateseka bure. Weka sensa za rivasi, vile vidude vinavyolia ukikaribia kugonga kitu nyuma. Matundu manne tu."

Matundu manne tu. Kumbuka hilo.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri vya magari. Muuzaji akaanzia sh. 70,000, tukabishana, nikatishia kuondoka, nikaondoka kweli, akaniita, tukakutana kwenye 45,000. Ndani ya boksi mna sensa nne ndogo kama vifungo vya koti la bibi, zimeandikwa A, B, C, D. Mna kiboksi cheusi, waya za kutosha kufungia ng'ombe, kioo kidogo cha namba cha kubandika kwenye dashibodi, na kile kichwa cha drili chenye meno ya kutobolea duara. Kukiona kile kichwa cha drili moyo ukanienda mbio kidogo, lakini hela nilishatoa.

"Gari lako rangi gani?" akaniuliza muuzaji.

"Bluu ya kiza."

"Bluu hakuna. Chukua nyeusi, usiku hazitaonekana."

Fundi umeme alikuwa hapo hapo nje, sh. 20,000 kwa kazi. Kijana mcheshi, bisibisi sikioni. Akanifundisha: "Hizi bosi zinapiga kelele."

"Mbona sisikii?"

"Huwezi kusikia. Hata mimi sisikii. Labda popo. Zinapiga kelele, inagonga ukuta, inarudi, kiboksi kinahesabu imetumia muda gani, kinajua ukuta uko wapi."

Nilidhani ananipiga kamba, lakini ni kweli. Sauti yenyewe ni mitetemo kama 40,000 kwa sekunde moja, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000, na la umri wangu linaishia kabla ya hapo. Ukuta ukiwa mita moja nyuma yako, kelele inakwenda na kurudi kwa kama sehemu 6 za elfu moja ya sekunde. Mimi hesabu hiyo hiyo naifanya dakika kumi, nimefungua mlango, kichwa kiko nje, na bado nakosea.

Basi akaanza. Karatasi ya maelekezo ilisema pima kwa sentimita kutoka ardhini na uache nafasi sawa kati ya sensa na sensa. Fundi akaikunja karatasi, akaitia chini ya kopo la chai lisiyumbe. Akapima kwa shubiri. Shubiri, kidole, shubiri, akachora msalaba kwa chaki. Nikamuuliza vipi futi, akasema, "Bosi, jicho."

Jamani, usikae karibu gari lako likitobolewa. Ile drili ilipogusa bampa ilitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu rangi ikaanza kutoka vumbi la bluu, halafu ikatoka plastiki yenyewe, nyeusi, inajikunja kunja kama maganda ya karoti. Nikasikia harufu ya kuungua. Kisha tap, likadondoka duara moja chini, dogo kuliko kizibo cha soda, upande mmoja bluu inang'aa bado na nta niliyoipaka mwenyewe Idi. Nikaliokota. Yote manne niliyaokota, yako kwenye droo ya kitanda mpaka leo, mama Neema anauliza ya nini, sina jibu. Jambo moja la heri: tundu la C liliangukia pale pale kwenye kovu la mnazi, likalimeza lote. Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoipata, na nikifikiria vizuri ndiyo ya mwisho.

Ikaja kuunga umeme. Sensa zinatakiwa ziamke pale tu unaporudi nyuma, kwa hiyo waya wake unaungwa kwenye taa ya rivasi. Fundi akalala ndani ya buti, miguu nje, testa mkononi. "Bosi, weka rivasi!" Gari ni Toyota IST, ya otomatiki, huwezi kuingiza R bila kukanyaga breki. Nikakanyaga breki, nikaweka R. Taa zote nyuma zikawaka. Na simu ya fundi nayo ikaita wakati huo huo. Akaongea habari za mchango wa msiba, akagusisha testa kwenye waya wa kwanza aliouona una moto, akauvua ngozi kwa meno, akasokota, akazungushia tepu nyeusi. Tukajaribu. Mguu wangu ukiwa kwenye breki, gia ikiwa R, mtu mmoja akasimama nyuma: tii... tii... tii-tii-tii. Inafanya kazi! Tukapeana mikono.

Natoka Gerezani nashika Barabara ya Uhuru. Taa nyekundu. Nakanyaga breki. Tii-tii-tii-tii.

Nikashtuka, nikaangalia gia. Iko D. Nikaachia breki, kimya. Nikakanyaga, tiiiii. Ndugu yangu, alikuwa ameunga kwenye waya wa taa ya breki.

Wewe unaijua foleni ya Buguruni jioni. Unakanyaga breki mara ngapi? Na nyuma yako anakuwepo nani? Kila mtu yupo. Bodaboda amegusisha tairi kwenye bampa, nyuma yake guta la chuma chakavu. Nikikanyaga tu: tiiiiiiiii, mfululizo, kama mashine ya hospitali mgonjwa akishaondoka. Watembea kwa miguu wakawa wanaruka. Muuza karanga akainama dirishani akaniangalia usoni kwanza, ndipo akaliangalia gari. Konda wa daladala akatoa kichwa: "Mzee, hilo linajifungua au?" Abiria wake wote wakageuka.

Na tusisahau kwamba gari lenyewe lilishakuwa na mwanamke ndani. Si hivyo. Ni yule wa kifaa cha Japani, anayeongea Kijapani kila ukiwasha, miaka minne sasa, sijui anasalimia, sijui anadai. Siku ile yeye anaongea, sensa inalia, na redio nayo ikakwama sauti juu. Nilifika Tabata nikakaa ndani ya gari lililozimwa dakika ishirini, nasikiliza tu kimya.

Jumatatu nikarudi kwa fundi nimevimba. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Bosi, hiyo ni bonasi. Inakwambia nani yuko nyuma yako."

"Nyuma yangu yuko kila mtu, fundi! Hii ni Dar!"

Akaunga upya. Elfu 10, eti ya tepu.

Ikatulia. Nikakaa wiki mbili naishi kama binadamu. Kisha akaja mama mkwe kutoka Muheza.

Nikaenda kumpokea Mbezi, stendi ya Magufuli. Mama hasafiri mikono mitupu: gunia la machungwa, mkungu wa ndizi, ndoo ya samli. Vikaingia kwenye buti, nikawasha, nikarudisha gari nyuma kidogo kumsogelea aingie. Sensa kimya, inasoma vizuri. Akaingia kiti cha nyuma, nikafunga mlango kwa adabu, nikaweka rivasi tutoke.

Tiiiiiiiii. Kioo cha namba: mita sifuri nukta tatu.

Nikashuka kuangalia. Nyuma hakuna kitu, hata paka. Nikaingia: tiiiii. Mama akasema, "Baba, labda kuna mtoto kasimama, ngoja nishuke nikuangalizie." Akashuka. Ikanyamaza. Akatazama nyuma, akasema pako wazi, akaingia. Tiiiiiiiii.

Mimi nikaelewa hapo hapo. Fundi alizifunga chini mno kwa lile jicho lake, sasa gari likielemewa nyuma linakaa kitako, sensa zinatazama lami badala ya kutazama mbele yao. Nikaelewa nikanyamaza, ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Lakini wale walimu wapo hata Mbezi. Kijana mmoja akainama, akachungulia chini, akapaza sauti ili na wa Kibamba wasikie: "Bosi, sensa inaona ardhi! Mzigo mzito nyuma!"

Kimya. Kwenye kioo naona macho ya mama.

"Mzigo gani anausema?"

"Machungwa, mama."

"Machungwa uliyapakia nikiwa nimesimama nje. Halikulia."

Kutoka Mbezi mpaka Tabata hakunywa hata yale maji niliyomnunulia.

Hilo nalo tungelisahau. Lakini Alhamisi iliyofuata nilikwenda duka la dawa hapa hapa mtaani, nikataka kupaki kinyumenyume kama watu. Taa nyeupe ikawaka, walimu wakachomoka. "Njoo, njoo!" Nikapandisha vioo, nikawasha na AC. Sina shida na mtu leo. Nimelipa sh. 75,000, nina kelele 40,000 kwa sekunde zinanifanyia kazi, wewe na soda yako kaa pembeni.

Narudi nyuma. Sensa kimya. Kioo cha namba hakina kitu. Nje naona midomo inafunguka, mikono inapungwa, yule wa bajaji amejishika kichwa, mama wa maandazi kasimama kabisa, na huyo hasimami kwa ajili ya mtu. Nikasema leo wanaona wivu. Sensa kimya. Nikaongeza mafuta kidogo.

Kwaa!

Pua ya gari ikatazama mbinguni. Tairi la nyuma la kushoto limeingia lote kwenye mtaro. Na hapo, bampa likiwa limelala juu ya zege la mtaro, mimi nimeshikilia usukani kama mtu anayepanda mnazi, ndipo sensa ikafungua mdomo: tiiiiiiiiiiiii. Kama yule yule wa "simama hapo hapo". Walisoma shule moja.

Walilinyanyua vijana saba, "Moja, mbili, harambee!", na soda saba. Mama wa maandazi akasema yeye alipiga kelele kuliko wote. Soda nane.

Nikampigia fundi. Nilikuwa nimepanga maneno, mengine siwezi kuyaandika hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Bosi, sensa haina kosa. Kelele lazima igonge kitu ndipo irudi. Mtaro ni kitu ambacho hakipo. Sasa irudi kutoka wapi?"

Nikakosa la kusema. Nyuma yangu mtu ananikung'uta tope begani, anataka kurudisha chupa.

"Wewe unachohitaji ni kamera," akaendelea. "Kamera inaona hata mtaro. Tunaiweka pale juu ya pleti namba, katikati. Tundu moja tu."

Nikasogea pembeni walimu wasinisikie, nikamuuliza tundu saizi gani.