Daktari wa Simu ni Daktari Kamili

Kuna jina ambalo wenzake wamempa daktari mmoja ninayemheshimu sana, na kila nikilisikia linanichoma. Wanamwita "daktari wa simu". Wanaolitamka ni watu waliosoma naye, ambao sasa wengine wana kliniki zao Kampala na wengine wako ng'ambo, na hulitamka kwa huruma, kana kwamba mwanamke huyu aliyebobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi ameacha udaktari akaenda kupokea simu. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha daraja la tatu wilayani Isingiro, Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na tangu 2019 nimekuwa upande wa pili wa simu hiyo: mimi ndiye ninayepiga kuomba msaada.

Kituo chetu hakina daktari. Kwa mpangilio wa serikali yetu, daktari huanzia kituo cha daraja la nne, ambako ndiko kuna chumba cha upasuaji, na usiku kwetu mara nyingi hubaki mkunga mmoja tu. Usiku mmoja wa mvua, mkunga huyo nikiwa mimi, aliletwa kwa boda boda mama kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, mwenye mimba ya miezi minane, akilalamika kwamba kichwa kinampasuka na macho yanaona cheche. Presha yake ilikuwa juu mno, 170 kwa 115. Nilijua ninachokitazama, kwa sababu kifafa cha mimba nilifundishwa chuoni, lakini kujua ni jambo moja, na kuwa peke yako saa nane za usiku huku mikono inatetemeka ni jambo jingine.

Daktari alipokea simu kabla haijaita mara ya tatu. Aliniomba niweke sauti ya nje, kisha akazungumza na mgonjwa mwenyewe: "Pole sana, mama. Mimi ni daktari, tuko pamoja hapa na Sista. Niambie, hapa juu ya tumbo, chini ya kifua, panauma?" Mama akaitikia kwa kichwa, nami ikabidi niseme kwa sauti kwamba ndiyo, panauma, kwa kuwa simu haioni kichwa kikiinama. Hapo daktari akaanza kuniongoza: sindano ya salfeti ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 kila tako, lakini kwanza nimsomee maandishi ya kichupa neno kwa neno kabla sijavuta dawa, kisha nigonge goti nione kama mguu unaruka, nihesabu pumzi kwa dakika nzima, nimpime presha tena. Huku akinisikiliza, alikuwa ameshaiarifu hospitali ya rufaa kwa simu yake ya pili, na gari lilipofika huko chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Mama na mtoto walirudi Nakivale siku ya kumi na moja.

Naomba anayemwita daktari wa simu anieleze ni kipi hapo ambacho si udaktari. Kilichonifikia usiku ule kilikuwa zaidi ya maelekezo ya dawa. Nilipata utulivu wa mtu aliyeona hali hiyo mara nyingi, na mgonjwa wangu akapata uzito wa neno la daktari bingwa kule kwenye lango la rufaa, ambako neno la mkunga wa kijijini, niseme ukweli, huwa halisikilizwi upesi.

Jambo jingine watu hulipita haraka, nalo ni Kiswahili. Daktari huyu ni Mnyankore, na Kiswahili alijifunza akiwa mtu mzima, kwa bidii yake mwenyewe, kwa sababu wanawake wengi wa Kikongo na Kirundi wanaoishi Nakivale hawamwelewi kwa Kinyankore wala kwa Kiingereza. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na nililipokea hilo kwa furaha, lakini yeye alikuwa ameshaanza zamani kuuliza kwa Kiswahili maswali ambayo mwanamke hawezi kuyajibu kupitia mkalimani mwanamume. Hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaovuja tangu uzazi uliopita: haya hayapitii kinywani mwa jirani.

Kila Alhamisi tunafanya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Uganda. Chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima 2015 kwa wasichana wa miaka 10, jambo jema kabisa, ila mama zao haikuwafikia, na hao ndio wanaohitaji kuchunguzwa sasa. Mwanamke huingia nyuma ya pazia na kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi laini, na wengi ambao wangekataa kupanda kitanda cha uchunguzi hulikubali hilo. Sampuli ikionyesha virusi, mwenyewe tunampaka siki ya hospitali kwenye mlango wa kizazi, tunapiga picha kwa ridhaa yake, na daktari huitazama akiwa mjini Mbarara na kuamua anayetibiwa hapa na anayepewa rufaa. Picha ikishapokelewa, naifuta kwenye simu mbele ya macho ya mwenyewe. Na daktari akipiga kutoa majibu, simu ikapokelewa na mume, husema tu kwamba Sista anamtafuta mama aje kituoni. Sheria hiyo aliiweka yeye, na sijaona akiivunja hata mara moja.

Sitaki nidhaniwe nasema simu inatosha. Kuna mama aliyetoka damu baada ya kujifungua, gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na daktari alikaa nami kwenye simu karibu saa nzima, oksitosini ya kukaza kizazi, kusugua kizazi, kukandamiza, yote tuliyafanya, na mama alifariki njiani tulipopata gari la mfanyabiashara mmoja. Kesho yake daktari alinipigia, tukaipitia saa ile dakika kwa dakika bila kunilaumu, kisha akaandika barua kwa wahusika kuhusu mafuta. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2016 hadi 189 katika ule wa 2022, na ninaushukuru ushukaji huo kwa moyo wote. Hata hivyo, wastani wa nchi hauna mafuta ya gari, na ninayezika naye simsomei wastani.

Huwa namkumbuka Profesa Josephine Nambooze, aliyehitimu Makerere 1959 akawa daktari wa kwanza mwanamke Mwafrika katika Afrika Mashariki, kisha akaielekeza kazi yake kwenye afya ya jamii. Hakuna anayesema alijishusha. Kwa nini basi leo tupime maendeleo ya daktari kwa ukubwa wa jengo analofanyia kazi?

Saa anazotumia daktari huyu usiku kwenye simu na wakunga wa vituo vyetu hazihesabiwi popote. Haziingii kwenye zamu wala kwenye maombi yake ya kupandishwa cheo. Muda wa maongezi anaununua kwa mshahara wake, na bando la kupokelea picha linatozwa ushuru wa asilimia 12 ulioanza Julai 2021, sawasawa na bando la mtu anayetazama mpira. Ningeomba mambo mawili kwa wizara: saa hizo ziandikwe kuwa kazi ya daktari bingwa, na namba anayoitumia iwe ya bure kwa kila mkunga anayepiga kutoka kituo cha serikali. Hilo la pili nimeliandikia wilaya mara mbili. Barua ya tatu nitaipeleka kwa mkono wangu Jumatatu, nikitoka zamu ya usiku.