Intakula ya Hewa Inahukumiwa kwa Kosa la Mahali Ilipofungwa

Katika gereji za Sinza na Ilala, mwenye gari la tabo, yaani kifaa kinachogandamiza hewa na kuisukuma kwenye injini, anayelalamika kwamba gari linakosa nguvu mchana hupewa ushauri uleule kwa uhakika mkubwa: Dar es Salaam ni jiji la joto na foleni, hewa ya hapa haipozi kitu, kwa hiyo ng'oa intakula ya hewa ufunge ya maji. Intakula ni kifaa kinachoipoza hewa iliyotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini. Ushauri huo una ukweli ndani yake, na nitaupa haki yake. Hata hivyo, naamini umetokana na kumtwisha lawama asiyehusika, na unawatoa watu fedha nyingi kwa ajili ya tatizo ambalo maji hayaliondoi.

Tuanze na joto lenyewe. Mchana wa Februari hewa ya jiji hili hufikia nyuzi 32 hivi. Tabo inayoongeza mgandamizo wa hewa hiyo mara mbili, kwa ufanisi wa asilimia 70, huitoa ikiwa karibu na nyuzi 127. Intakula nzuri, inayoondoa robo tatu ya joto lililoongezeka, huishusha hadi nyuzi 56, na hewa iliyopoa kiasi hicho huwa nzito kwa takriban moja ya tano zaidi. Ndiyo maana injini hupata nguvu, na ndiyo maana hupungua hatari ya injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake.

Sasa tujiulize joto hilo lililoondolewa linakwenda wapi. Katika intakula ya hewa linatoka moja kwa moja kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini, na kupeperushwa nje. Katika ile ya maji linaingia kwanza kwenye maji, pampu inayapeleka maji hayo kwenye rejeta ndogo ya mbele, na rejeta inalitupa kwenye hewa ileile ya nyuzi 32. Hapo ndipo hoja ya jiji la joto inapoanguka, kwa sababu maji, yasipotiwa barafu, hayana jalala jingine la kutupia joto lao ila hewa ya Dar es Salaam, nayo yanaifikia kwa kupitia mlango mmoja zaidi.

Nguvu ya maji iko kwingine, katika uwezo wake wa kumeza joto kwa muda. Injini ya lita mbili yenye nguvu za farasi 250 hivi huvuta karibu gramu 180 za hewa kila sekunde ikikanyagwa mafuta hadi mwisho, na kuishusha hewa hiyo kwa nyuzi 71 ni kazi ya karibu kilowati 13. Mfumo wenye lita 5 za maji huhitaji kilojuli 21 ili joto lake liongezeke kwa nyuzi moja. Tukichukulia kwamba rejeta ndogo haitoi joto lolote, sekunde 8 za kukanyaga mafuta zitayapandisha maji nyuzi 5 tu. Kwa anayelipita lori na kurudi kwenye mwendo wake, au anayeshindana kwa umbali mfupi, hilo ni jambo kubwa na silipuuzi. Lakini tuendelee hadi sekunde 40. Maji yaliyoanza na nyuzi 37, yaani tano tu juu ya hewa ya nje, yamefika 62, yaani yana joto kuliko ile hewa ya nyuzi 56 tuliyoipata kwa intakula ya hewa. Ni kweli kwamba rejeta itayapunguzia makali, lakini kuanzia hapo nguvu ya gari inategemea ukubwa wa rejeta hiyo na upepo inaoupata, na upepo ndio hasa anayekimbilia maji alidhani ameachana nao. Zaidi ya hapo, kinachomeza joto polepole hulitoa polepole vilevile. Ukitoka Kimara kwa kusuasua na maji yakishapata moto, foleni ikifunguka utaendelea kubeba joto hilo muda mrefu kuliko mwenye mapezi ya alumini yaliyoshika upepo.

Kwa nini basi hewa imepata sifa mbaya? Jibu langu ni Forester. Magari haya ya Subaru yenye tabo yamejaa jijini, na intakula yake imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Jumamosi moja niliweka kiganja juu ya mapezi ya intakula ya Forester iliyotoka kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, nikakitoa mara moja. Pembeni yake kulikuwa na Mark II yenye injini ya 1JZ, iliyopita foleni hiyohiyo, ambayo mwenyewe aliihamishia intakula mbele ya rejeta. Ile niliishika nikaendelea kuzungumza. Zote mbili zinapozwa kwa hewa, ila moja imekaa juu ya jiko, na nyingine inavutiwa upepo na feni za rejeta hata gari likiwa limesimama.

Watengenezaji wenyewe wameyajua yote haya. Subaru Legacy RS ya mwaka 1989 ilikuwa na intakula ya maji, lakini Impreza WRX ya 1992, yenye injini ya ukoo uleule wa EJ20, ikaja na ya hewa. Toyota iliyumba zaidi: Celica GT-Four ilianza na maji mwaka 1986, toleo la kawaida la 1989 likahamia hewa, na la 1994 likarudi kwenye maji. Tazama pia malori yanayobeba mizigo ya bandarini kuelekea Tunduma. Yanapanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa pole, injini ikiwa chini ya mzigo kwa dakika nyingi mfululizo, na karibu yote yana intakula ya hewa mbele ya rejeta, feni kubwa ikivuta kwa nyuma.

Maji yana pa kwake. BMW, katika injini ya B58, imeiweka intakula ya maji ndani ya manifoldi, bomba la kugawia hewa kwenye silinda, njia ya hewa ikawa fupi na injini ikaitikia upesi. Gari lililotoka kiwandani hivyo liachwe hivyo. Ninachokipinga ni mfumo wa kuungaunga gereji: pampu ya umeme inayoweza kufa bila taa yoyote kuwaka, mipira inayoachia, na zaidi maji yenyewe. Nimeona mfumo mpya ukijazwa maji ya kisima, ambayo maeneo mengi ya jiji hili yana chumvi, na chumvi hula alumini. Intakula hiyo ikitoboka kwa ndani, maji huelekea kwenye silinda.

Intakula ya mbele nayo ina gharama zake. Mabomba hurefuka, rejeta na kondensa ya eisii (kipoza-hewa cha ndani ya gari) hupunguziwa upepo, na bampa la chini hukutana na matuta yetu na tope la masika.

Kwa hiyo mwenye Forester, kabla ya kununua pampu, na afungue boneti aangalie ukingo wa mpira unaoelekeza upepo wa tundu la boneti kwenye intakula. Mara nyingi nimeukuta umechanika au haupo kabisa, upepo ukipita pembeni bila kugusa mapezi. Ukingo ukiwa mzima na bado haridhiki, ahamishie intakula mbele kwa mabomba mafupi kadiri yanavyowezekana, baada ya kuhakikisha kwamba feni za rejeta zinazunguka zote mbili.