Calhoun hakuokota mastaa, aliwatengeneza

Kuna makala nimeisoma, mwandishi anasema Jim Calhoun, yule kocha wa kikapu wa Marekani, alifanikiwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kwa sababu mastaa walikuwa wanamfuata wenyewe, hapo nakataa kabisa. Anafika pale 1986 akitokea chuo cha Northeastern, UConn haijawahi kuchukua ubingwa wa taifa hata mara moja, anaondoka 2012 ameacha vikombe vitatu, 1999, 2004 na 2011, sasa mwanzoni staa gani alikuwa anaikimbilia timu ya hivyo? Huyu mzee alifiwa na baba akiwa na miaka 15, akafanya mpaka kazi ya kuchonga mawe ya makaburi, kuhenyeka alikujua mapema. Na sisi Watanzania mfano tunao, Hasheem Thabeet wetu, kikapu alianza amechelewa, kafika kwa Calhoun mrefu kweli ila mbichi, msimu wake wa tatu kawapiga chuo cha Providence pointi 15, ribaundi 11 (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) na bloku 10 (mitupo aliyoizuia) mechi moja, na mwaka huohuo wa 2009 akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Mimi nafundisha madogo kikapu hapa Dar, mtoto mrefu akidaka ribaundi cha kwanza anaushusha mpira kiunoni, wafupi wanamnyang'anya, unamshika viwiko unampandisha mikono juu, kesho anaushusha tena, yaani hicho kitu kimoja tu kinakula miezi. Mrefu hajitengenezi mwenyewe jamani. Nyie mnaofundisha mikoani, warefu wenu mnaanza nao na nini, miguu au mikono?