"Unasali wapi?": kusema unachoamini na haki ya kunyamaza

Kiswahili kina swali dogo linaloulizwa kwa tabasamu: "Unasali wapi?" Halikuulizi kama unasali. Hilo limeshaamuliwa, kilichobaki ni anwani tu. Mwenye msikiti au kanisa lake anajibu kwa neno moja na mazungumzo yanaendelea. Asiye nalo ana sekunde mbili za kuchagua: aseme uongo mdogo, ageuze maneno, au aseme ukweli na kuwasha moto ambao hakuuomba. Niliwahi kumuuliza mtu swali hilo, bila nia mbaya, nikamwona anatazama kikombe chake kwanza kabla ya kujibu, "Popote panapokuwa karibu." Nilicheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa amenijibu kwa uaminifu wote alioweza bila kujianika.

Mjadala wa kama mtu aseme hadharani anachoamini, au asichoamini, unagawa watu kwa namna ya ajabu kidogo. Mstari haupiti kati ya wenye dini na wasio na dini. Wako wacha Mungu wanaoona imani ni siri ya mja na Muumba wake, na wako wasioamini wasioweza kumaliza mlo bila kukwambia kwamba hawaamini. Kwa hiyo tukiuacha ugomvi wa nani yuko sahihi kuhusu Mungu, linabaki swali lenyewe: kusema kunamsaidia nani, na gharama yake inalipwa na nani?

Nianze na wanaotaka tuseme. Kwa waumini wengi kusema si jambo la hiari. Mkristo anaita ushuhuda, Mwislamu anaita daawa, na kila mmoja anajua kwamba ameagizwa. Ukiona nyumba ya jirani inaungua usiku huketi kitandani ukijiuliza kama kumgongea mlango ni kuingilia faragha yake. Anayemwambia mtu wa namna hii "baki na imani yako moyoni" anadhani anaomba adabu kidogo, kumbe anamtaka abadili dini, awe na ile isiyo na agizo hilo. Hoja hii huwa inapuuzwa na watu wasioamini, nami naona ina uzito.

Asiyeamini hana kitabu kinachomwagiza kutangaza. Basi kwa nini aseme? Tazama lugha tuliyonayo: kafiri, murtadi, mpagani, mkana Mungu. Yote ni maneno ya upande wa pili, na hakuna hata moja ambalo mtu angelichagua mwenyewe ajitambulishe nalo mbele ya wakwe. Hata hili "asiyeamini" linamweleza kwa kile alichokosa. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley, alipojikuta hana jina la kujiita, alijitungia lake mwaka 1869, agnostiki, yaani mtu asiyedai kujua. Asiyesema mwenyewe husemewa, na msemaji wake mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kukutana na asiyeamini hata mmoja, au anadhani hajakutana naye.

Mfano wa gharama ya kusema ni Charles Bradlaugh. Alichaguliwa mbunge wa Northampton, Uingereza, mwaka 1880. Alikuwa mkana Mungu anayejulikana, akaomba athibitishe utii wake kwa neno tu badala ya kuapa kwa Mungu. Wabunge wenzake wakakataa. Akasema basi, ataapa kama wengine. Wakakataa tena, kwa kuwa kiapo cha mtu asiyeamini si kiapo. Wapiga kura wakamrudisha mara kadhaa, Bunge likamfungia mlango, na hakukaa rasmi kwenye kiti chake mpaka 1886. Miaka miwili baadaye sheria ikabadilishwa. Kinachonivutia ni kwamba hakuna aliyekuwa anazipima nyoyo za wabunge wengine waliokuwa wakiapa kwa sauti ya wazi. Laiti Bradlaugh angekuwa amekaa kimya maisha yake yote, asingeulizwa chochote. Hakuadhibiwa kwa kutoamini. Aliadhibiwa kwa kusema. Na huo ndio mtego wa jamii yoyote inayomtaka kila mtu aonekane muumini: inawatoza faini wakweli na kuwaacha wanafiki wapite bure.

Hata hivyo, wanaotetea ukimya nao si watu wa kubezwa, na mimi siku hizi nawasikiliza zaidi kuliko zamani. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, kabla ya kuoa, alishauriwa na baba yake afiche kwa makini mashaka yake ya dini. Hakumficha Emma, mchumba wake. Baada ya ndoa, mwaka 1839, Emma alimwandikia barua ya upole na ya huzuni. Aliogopa kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Darwin hakuandika hoja ya kumjibu. Aliitunza barua ile, na chini yake akaongeza maneno machache: nikishafariki, ujue kwamba mara nyingi nimelibusu hili na kulilia. Mbele ya umma alizungumza kidogo sana kuhusu dini. Mwaka 1879 alimwandikia mtu mmoja kwamba neno agnostiki lingemfaa zaidi, na mwaka uliofuata akaeleza katika barua nyingine kwamba huenda anajizuia kwa sababu ya maumivu ambayo angewapa baadhi ya watu wa familia yake. Alipofariki, maisha yake aliyoyaandika kwa mkono wake yalichapishwa mwaka 1887 yakiwa yamepunguzwa sehemu za dini. Yalitoka kamili mwaka 1958.

Unaweza kuiita woga. Sioni hivyo. Darwin alisema pale aliposhiriki maisha na mtu, akanyamaza pale ambapo kusema kungekuwa tamasha. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunatangaza kwa watu elfu tusiowajua, na mama aliyetulea anasikia kwa jirani.

Tena kuna jambo ambalo wahimizaji wa "sema ukweli wako" hawaligusi. Msemo wetu unasema akufukuzaye hakwambii toka. Aliyetangaza kwamba ameacha dini, au ameihama akaingia nyingine, mara nyingi hafukuzwi na mtu. Ni simu zinapungua. Ni harusi anayoisikia ilishapita. Ni binti wa watu ambaye ghafla wazazi wake wanasema bado mdogo. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna wa kumshtaki. Kumhimiza mtu ajitokeze wakati wewe hutakuwepo jioni atakapokaa peke yake ni ushujaa wa kukopesha mali ya mwingine. Na gharama haziko sawa: anayesema imani ya walio wengi katika jamii yake anapata "amina", anayesema ya wachache anapata maswali. Wawili hao wakisimama na kusema maneno yenye urefu uleule, hawajafanya kitendo kilekile.

Mahali ambapo nimeona swali hili likifikiriwa kwa makini ni katika kesi mbili za Ugiriki zilizofika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Ya kwanza ni ya Minos Kokkinakis, mzee wa Mashahidi wa Yehova, ambaye tangu 1936 alikuwa amekamatwa zaidi ya mara sitini. Mwezi Machi 1986 yeye na mkewe walibisha hodi kwenye nyumba moja mjini Sitia, kisiwani Krete, wakazungumza na mama mwenye nyumba kwa dakika kumi au kumi na tano hivi. Mume wa mama huyo alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kanisa la Orthodoksi la pale. Akapiga simu polisi. Kokkinakis akahukumiwa kifungo kwa kosa la kushawishi watu wahame dini, ingawa mama mwenyewe alisema mazungumzo yale hayakuigusa imani yake. Mwaka 1993 mahakama ile ilisema haki yake ilivunjwa: kushuhudia ni kitu kimoja, kushawishi kwa njia isiyofaa ni kingine, na Ugiriki haikuonyesha kwamba njia yake haikufaa.

Kesi ya pili, ya Larissis, iliamuliwa mwaka 1998. Walikuwa maofisa watatu wa jeshi la anga, Wapentekoste, waliokuwa wakihubiria askari wa chini yao na pia raia. Kwa raia, mahakama iliona adhabu waliyopewa haikuwa halali. Kwa askari, iliona serikali ilikuwa na haki kuwazuia. Wahubiri ni walewale, injili ni ileile. Tofauti ni kwamba raia anaweza kusema "asante, kwaheri" na kufunga mlango, na baadhi ya askari walijiona hawana budi kusikiliza kwa kuwa anayesema ana cheo.

Kwangu huo ndio mzani wa maana: je, msikilizaji anaweza kuondoka bila kulipa chochote? Unafafanua mambo mengi yanayotukera bila kujua kwa nini. Mwenzako wa kazini anayekusimulia alivyoacha pombe baada ya kuokoka hakudhulumu, hata akirudia mara tatu. Bosi anayesimulia hadithi ileile wiki ya kutathmini mikataba anakudhulumu, hata akisema kwa upole. Mwalimu asiyeamini anayewadhihaki wanafunzi wanaofunga au kusali yuko kwenye kapu moja na huyo bosi, ingawa atakwambia yeye anafundisha watoto kufikiri. Mtoto wa miaka kumi hawezi kumwambia mwalimu kwaheri.

Kuuliza, kwa upande wake, ni kuzito kuliko kusema. Anayesema anajifunua mwenyewe. Anayeuliza anamfunua mwingine. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 18, linatamka uhuru wa kuwa na dini, kuibadili na kuidhihirisha. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikifafanua kifungu kama hicho kilichomo katika mkataba wa 1966, iliongeza mambo mawili: kwamba ulinzi huo unawahusu pia wasioamini, na kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa kufichua mawazo yake au dini yake. Marekani ilikuwa imefika karibu na hapo mwaka 1961, Mahakama Kuu yake ilipoamua kwamba jimbo la Maryland halikuwa na haki ya kumnyima Roy Torcaso kazi ya uthibitishaji nyaraka kwa kuwa tu alikataa kutamka kwamba anaamini Mungu yupo. Torcaso hakuwa ametaka kumhubiria yeyote. Alitaka muhuri.

Ushuhuda wenyewe, wa kuingia au wa kutoka, una udhaifu mmoja ambao wasimulizi hawapendi kuusikia. Mtu akikwambia "nilikuwa gizani, sasa naona", huna la kupinga, maana ni maisha yake. Hapo ndipo penye nguvu. Lakini aliyeingia dini na aliyetoka wote wanasimulia hivyo, kwa machozi yaleyale, na hadithi zao haziwezi zote kuwa uthibitisho. Zinatuambia habari za msimulizi, si za mbinguni. Tukizipokea hivyo hatugombani. Tukizipokea kama hoja, tunatukanana kabla chai haijapoa.

Nina kesi moja ambayo mzani wangu hauitatui. Mama Teresa wa Calcutta, katika barua kwa mapadri waliomwongoza kiroho, aliandika kwa miaka mingi kwamba anasali na hasikii kitu, kwamba ndani yake ni giza na utupu. Aliomba barua hizo ziteketezwe. Hazikuteketezwa; zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Waumini waliokuwa wakiona aibu kwa ukavu wa sala zao walipata faraja kubwa. Wasioamini nao walizishika na kusema, mnaona? Msikilizaji hapa hakulazimishwa na mtu. Msemaji ndiye aliyenyimwa kunyamaza. Nimezisoma baadhi ya barua hizo, nikanufaika nazo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia, na bado kila nikizifungua najihisi nimeingia chumba cha mtu bila hodi.