Paa la Westfalia ni kazi ya fundi boti

Gari zima lipeleke kwa fundi rangi wa magari ukitaka, ila paa lisiende. Nazungumzia Kombi za Volkswagen zilizogeuzwa nyumba za safari na kampuni ya Westfalia kule Wiedenbrück, Ujerumani, hasa za kizazi cha tatu kilichoanza mwaka 1979, ambazo Marekani ziliuzwa kwa jina la Vanagon. Bodi yake ni bati. Paa linaloinuka, pamoja na sinia la mizigo lililo mbele yake juu ya kichwa cha dereva, ni faiba. Fundi aliyezoea bati hulitendea kama bati. Siku ya kulichukua linang'aa, na misimu michache ya mvua baadaye rangi inabanduka kwa mapande, kuanzia pembeni.

Sababu si siri. Bati linaogopa kutu, kwa hiyo kila kitu katika karakana ya magari kimepangwa kupambana na kutu. Faiba haishiki kutu. Adui zake ni jua, na uchafu usioonekana ulioachwa juu ya ngozi yake. Paa hilo ni mati ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini ya poliesta, na juu yake kuna jelikoti, yaani resini yenye rangi ndani yake, unene wake kwa kawaida chini ya milimita moja. Jua likiila ile resini ya juu, chembe za rangi hubaki huru bila gundi ya kuzishika. Pitisha kiganja juu ya paa la zamani utaona unga mweupe. Rangi mpya ikipigwa juu ya unga huo inashika unga, na unga wenyewe haujashika kitu.

Kabla ya kununua chochote, uliza kama paa linahitaji rangi kweli. Mengi hayahitaji. Chagua kipande cha sentimita 30 kwa 30, kioshe, kisha kisugue kwa maji na msasa namba 800, halafu 1000, halafu 1500, umalizie kwa dawa ya kung'arishia na nta. Kama jelikoti bado ina unene, weupe wake utarudi na mng'ao juu. Hapo fanya paa lote hivyo hivyo, weka nta mara mbili kwa mwaka, na fedha ya rangi ifanyie jambo lingine. Lakini ukiona nyuzi zinajitokeza, au sehemu zinakuwa za kijivu na kupitisha mwanga, au nyufa ndogo za buibui zimejaa, jelikoti imekwisha na rangi ni lazima. Wapo wanaoshauri kupiga jelikoti mpya. Sikubaliani nao. Jelikoti imetengenezwa ipigwe ndani ya kalibu, na ile ya kawaida ikipigwa hewani uso wake hubaki unanata mpaka iongezwe nta maalumu, na hata ikikauka itakudai siku nzima ya msasa ili ilale sawa.

Jambo la pili la kujua ni kama kuna rangi ya mtu mwingine juu. Lowesha kitambaa kwa tina kali, kiweke dakika mbili mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kukunjamana, ni rangi ya kopo moja, na rangi ya mchanganyiko wa makopo mawili (rangi na dawa yake ya kuikausha) haiwezi kukaa juu yake, itaichemsha. Iondoe yote. Usitumie dawa ya kubandulia rangi ile ya kwenye bati, kwa sababu haitambui mwisho wa rangi ni wapi na mwanzo wa resini ni wapi. Bunduki ya hewa moto nayo hulainisha resini na kulipinda paa. Inabaki chuma cha kukwangua kilichonolewa vizuri na msasa namba 80, kwa subira. Vumbi hilo ni kioo. Vaa barakoa ya vumbi ya kiwango cha P2 kwenda juu, miwani iliyofunga, mikono mirefu, na usiache watoto wacheze jirani.

Livue paa kama una watu wanne. Kwenye kizazi hiki bawaba ziko nyuma, na sehemu ya mbele ndiyo inayopanda. Turubai linaloziba pembeni paa likiinuka lazima litolewe kwenye kingo zake kwanza, kisha mikono ya kunyanyulia, kisha bawaba, huku watu wawili wakishikilia. Weka alama za bawaba kwa kalamu kabla ya kulegeza skrubu, la sivyo paa litarudi limekaa upande na mpira wa ukingoni hautafunga. Ukiamua kupaka likiwa juu ya gari, walau uvue mpira wa kuzuia maji. Kuuzungushia utepe ndiko kunakoanzisha kubanduka: rangi inaishia juu ya ukingo wa mpira, inapasuka hapo, maji yanaingia chini yake. Paa lililovuliwa liwekwe juu ya magogo yaliyofunikwa blanketi, angalau sehemu nne, kivulini. Likikaa siku kadhaa juani kwa kuegemea sehemu mbili tu, litajipinda.

Sasa kuosha, na hapa ndipo kazi inapofia. Osha kwa sabuni na maji, kisha futa nta na silikoni KABLA ya kugusa msasa. Ukianza na msasa unaisukuma ile nta ndani ya mikwaruzo, na hutaitoa tena. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye dawa ya kuondoa mafuta, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Dawa ikikaukia pale pale, uchafu umehama tu. Badilisha vitambaa kila baada ya eneo dogo. Halafu mwaga maji safi juu ya paa. Yakitandaa na kuteremka kama ngozi moja, uko salama. Yakijikusanya matone matone, bado kuna nta au silikoni, rudia. Mahali pa kushuku zaidi ni kuzunguka matundu ya zamani ya keria, pale mtu aliposakafia silikoni kuzuia mvua. Hapo rangi itajikunja na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, na kuongeza rangi hakuvizibi.

Nyufa zisipakwe juu juu. Ufa wa buibui ufungue kwa ncha ya chuma mpaka uwe na umbo la V, usizidi unene wa jelikoti, kisha ujaze kwa fila (dawa nzito ya kujazia) ya epoksi, resini ya aina nyingine. Sukuma paa kwa kidole gumba ukiutazama ufa: ukifunguka na kufunga, tatizo liko ndani na fila itapasuka tena. Hapo chonga upande wa ndani, uweke tabaka mbili au tatu za faiba. Kwa tundu lililopita upande wa pili, mteremko wa kingo uwe mara 12 ya unene. Faiba ya milimita 3 inahitaji mteremko wa sentimita 3.6 pande zote.

Kuhusu resini, epoksi inashika poliesta ya zamani vizuri kuliko poliesta mpya inavyoishika, kwa hiyo kwa matengenezo naipendelea. Ila uangalie mati. Mati ya nyuzi zilizokatwakatwa mara nyingi hushikiliwa na gundi inayoyeyushwa na resini ya poliesta. Kwenye epoksi gundi hiyo haiyeyuki, mati inabaki ngumu na nyeupe ndani. Ukitumia epoksi, chukua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Epoksi ikikauka huweza kuacha utelezi kama nta juu yake. Unatoka kwa maji na sifongo ya kusugulia sufuria, hautoki kwa tina wala kwa msasa. Ukitumia poliesta, hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, na kwenye joto la Mombasa au Dar kaa kwenye 1. Mafundi wa boti za faiba katika pwani yetu wanaifanya hesabu hii kila siku, na ndiyo sababu nasema paa ni lao. Magari ya watalii ya Nairobi na Arusha yenye paa la faiba linaloinuliwa yana ugonjwa ule ule, tena chini ya jua kali kuliko la Ujerumani, na dawa yake ni hii hii.

Baada ya matengenezo, paa lote lipite msasa namba 180 hadi 220 mpaka pasibaki doa linalong'aa. Kila doa linalong'aa ni mahali rangi haitashika.

Praima, yaani rangi ya msingi, iwe ya epoksi ya makopo mawili, ipigwe mikono miwili. Ile praima ya asidi ya kung'ata chuma haina kazi kwenye faiba. Faiba haina chuma cha kung'atwa. Mkono wa kwanza ukikauka ndipo utaviona vitundu vya sindano ambavyo jicho halikuviona, wakati mwingine mamia. Usitegemee rangi ivijaze. Rangi hutengeneza daraja juu ya kitundu, hewa iliyonaswa ndani hupata joto, hutanuka na kupasua. Kokotea fila laini kwa kipande cha plastiki kilichoshikwa karibu wima, uisukume ndani kwa nguvu, sugua, kisha mkono wa pili wa praima. Kama vitundu vimebaki, rudia. Sehemu hii inachosha kuliko nyingine zote na haina njia ya mkato. Malizia kwa namba 320.

Kwa rangi yenyewe nashikilia rangi za boti, za sehemu ya juu ya maji, zipigwe kwa rola na brashi. Rangi ya aina ya poliurethane ya kopo moja, mfano Brightside ya Interlux, ni rahisi kurekebisha na inatosha kwa gari linalolala kivulini. Ya makopo mawili ni ngumu zaidi na inastahimili jua miaka mingi, lakini hadina yake ina kemikali iitwayo isosaineti. Ikipulizwa kwa bunduki inakuwa ukungu unaoharibu mapafu na kuanzisha pumu isiyopona, na barakoa ya makaa haitoshi kuaminiwa. Mpulizaji anahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kupuliza rangi hii uani nyumbani ni kosa, hata kama jirani amefanya akapona. Rola haitoi ukungu ule, ingawa glavu, barakoa ya mvuke na mahali penye upepo havikwepeki.

Paa na sinia kwa pamoja kwa kawaida hayazidi mita 6 za mraba. Lita moja ya rangi hufunika kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono mitatu ni lita 1.8, nunua 2. Praima lita moja na nusu. Rola iwe ya sifongo iliyobana, ya inchi 4, inayostahimili tina. Jaribu kwa kuiloweka dakika kumi, maana za bei ya chini huyeyuka na kuacha makombo kwenye rangi. Fanyeni kazi watu wawili. Mmoja anapiga rola ukanda wa nusu mita kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine, mwenzake anafuata na brashi laini iliyo karibu kavu, anagusa kwa ncha tu kulaza viputo, halafu haurudii ukanda ule. Kurudia ndiko kunakoacha alama za brashi. Rangi ikivuta brashi, ongeza tina inayokauka polepole asilimia 5, usizidi 10. Mkono mzito unachirizika pembeni, na uzito wa ziada wote utaunyanyua kwa mabega kila ukifungua paa. Kwa sababu hiyo zile rangi nene za kupaka sakafu za pikapu sizitaki kwenye paa hili.

Saa ya kupaka ina maana. Faiba inayopata joto inapumua na kuinua viputo, inayopoa inanyonya. Kwa hiyo paka kivulini joto likiwa limeshafika kileleni na kuanza kushuka, lakini uwe umemaliza muda wa saa nne kabla ya umande kuanguka. Umande ukiangukia poliurethane mbichi, asubuhi utakuta imefifia kama maziwa.

Kuhusu rangi ipi: nyeupe au ya maziwa, kama mapaa mengi ya Westfalia yalivyotoka kiwandani. Rangi nyeusi au ya bluu iliyokoza inapandisha joto mpaka resini inalegea, na mfumo wa nyuzi unaanza kuchoreka juu ya uso uliohangaika kuulaza. Na kitanda cha juu kiko chini ya paa hilo hilo. Anayelala humo ndiye atakayelipa.

Ukirudisha, usilifunge paa kwa siku saba. Mpira ukikandamizwa juu ya rangi changa unanata, na siku ya kufungua unatoka na rangi. Nta isubiri mwezi mzima. Kila tundu la skrubu lipakwe epoksi kwenye kingo zake za ndani kabla ya skrubu kuingia, na kila kinachofungwa juu ya paa kikalie gundi ya butili (mpira laini unaonata) au siliti, yaani dawa ya kuziba, ya poliurethane. Silikoni usiirudishe, maana atakayelipaka paa hili baada yako ataanza na kibarua kile kile cha vitambaa viwili.