Kisanduku kimoja cha lugha

Fomu ya kujiunga na chuo ina kisanduku kimoja tu cha "lugha". Haya, kijana wa Malindi mwenye Kigiriama cha nyumbani, Kiswahili cha mtaani, Kiingereza cha shule na Kiitaliano cha ufukweni aandike kipi? Anaandika Kiingereza, mengine yamekwenda na maji. Akichukua somo la Kiitaliano, anaanzishwa na "buongiorno", salamu ya somo la kwanza.

Mpimeni basi! Kuzungumza huenda yuko B1, ngazi ya kati, kuandika A1, ngazi ya mwanzo kabisa, maana hajawahi kumwandikia mtu: "penna" ya kalamu na "pena" ya adhabu kwake ni moja. Ngazi hizo za Baraza la Ulaya zipo tangu 2001, na kila stadi hupimwa peke yake. Wa Lamu aliyetoka madrasa ni kinyume: Kiarabu chenye irabu anakisoma kama maji, ondoa irabu anasita, mwambie aagize chai ananyamaza. Huyu anahitaji mazungumzo, yule maandishi. Lakini wote wanarudishwa sifuri, mmoja a-be-che, mwenziwe alifu na be.

Mahojiano ya dakika 20 na aya moja ya kuandika vingetosha kuanzia. Hata hivyo havipo.

Na mtu wa Amu, yaani Lamu, akiandika "ndia" na "mato", wino mwekundu: kosa la tahajia. Kosa gani, jamani? Hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, lahaja ya tenzi za karne na karne. Mwambieni insha inataka "njia" na "macho", yaishe.